Ng'ombe Mwekundu wa Soila

Maundu alikuwa amekaa Kisaju miaka mitano, tangu alipoletwa mwaka 1996 kuwa afisa wa mifugo, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumwuliza habari za kwake. Walimwuliza habari za kupe, za mimba, za ndama anayeharisha. Mkewe, Ndulu, alikuwa mwalimu huko Makueni na hakutaka kuhama. Wikendi za kuonana zilizidi kupungua.

Asubuhi moja Mzee Sironka alimjia kwa miguu, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, daktari. Ile ng'ombe nyekundu imekataa kutoa maziwa. Leo siku ya tatu."

Ndama wa ng'ombe huyo alikuwa amekufa, na tangu hapo ng'ombe alikubali mikono ya mtu mmoja tu: Soila, mke wa mzee. Sasa Soila alikuwa amelazwa Kajiado. Jirani aliyekuja kukamua alipigwa teke, naye Sironka akamchapa ng'ombe kwa fimbo.

Walipofika zizini, Maundu alipapasa kiwele. Kilikuwa kimejaa, kigumu kama jiwe.

"Maziwa yapo, mzee. Ng'ombe akitulia, ubongo wake unaachilia homoni kwenye damu, hiyo ndiyo inasukuma maziwa yashuke. Akiogopa, inatoka homoni nyingine, kwa vitezi vilivyo karibu na figo, na hiyo inazuia ile ya kwanza. Fimbo haisaidii."

Alimdunga sindano ya homoni ile. Akaanza kukamua; dakika mbili hazikuisha, maziwa yakaanza kutiririka. Lakini Sironka hakuyatazama.

"Figo?" akauliza. "Hata Soila wanasema ni figo. Ya mtu ni kama ya ng'ombe?"

"Kazi yake ni ile ile. Kuchuja damu. Yeye yukoje?"

"Amevimba uso na miguu. Mkojo hakuna tangu Jumapili. Hata chai anasema ina harufu mbaya."

Maundu aliendelea kukamua, kichwa kimeinama. Alikuwa ameona wanyama wengi katika hali hiyo, na alijua kwamba sumu isiyochujwa hufika mpaka kwenye ubongo. Hakuwa daktari wa watu. Angeweza kunyamaza.

"Nenda ukakae naye, mzee," akasema mwishowe. "Nenda leo."

Sironka akaelewa. "Na ng'ombe?"

"Nitakamua mimi."

Hakutaka kumzoesha ng'ombe sindano. Kwa hiyo alifika kila siku saa ile ile, akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akakaa. Siku ya pili alipata kikombe kimoja. Alijaribu kumwongelesha kwa Kimaasai kidogo alichokijua, maneno yakamwishia. Akahamia Kikamba, lugha ya kwao. Akamweleza juu ya mvua iliyobomoa jiko la kwao, juu ya mtoto wao aliyezaliwa kabla ya siku zake akazikwa bila jina, na jinsi yeye na Ndulu walivyoshindwa kulizungumzia. Mambo hayo hakuwa amemwambia mtu. Ghafla aliona ndoo imefika nusu. Chuchu zilikuwa laini, na ng'ombe alikuwa anacheua, macho yamefumbwa nusu. Maundu aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wake wa joto, akabaki hapo hata maziwa yalipokwisha.

Sironka alirudi siku ya tisa, peke yake.

"Tuliongea siku tano," alisema. "Ya sita hakunijua. Ya nane tukamzika."

"Pole sana, mzee."

Waliingia zizini kwa ng'ombe mwekundu. Kisha mzee akavua saa mkononi, akaitia mfukoni. "Kwetu mwanaume hakamui. Lakini hii ilikuwa yake. Nifundishe."

Maundu alimwonyesha jinsi ya kushika chuchu bila kuivuta, na akamwambia aongee chochote, mradi sauti iwe ya chini. Mzee alianza, akitaja jina la mkewe mara kwa mara. Maundu alisubiri mpaka aliposikia maziwa yakigonga ndoo kwa nguvu. Hapo hakuwa na kazi tena katika boma lile. Alichukua begi lake la dawa, akatoka polepole asimshtue ng'ombe.