Kikosi cha Alwyn Tansley

Alwyn Tansley alihamia Nottingham akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, baada ya ndoa yake kuvunjika bila kelele. Mkewe, Rosalind, alibaki Truro na nyumba na mbwa. Nyumba haikumuuma sana. Kumkosa mbwa ndiko kulikomuuma. Akapata kazi ya zamu ya alfajiri kwenye ghala la biskuti, kuendesha gari la kunyanyulia mizigo, akapanga vyumba viwili juu ya duka la kinyozi mtaa wa Sneinton. Mchana kazi ikiisha, hapakuwa na mtu wa kumwambia hata kwamba mvua inanyesha. Wahenga walisema upweke ni uvundo, naye alianza kujihisi ananuka.

Mvua ndiyo iliyomsukuma dukani siku ile. Lilikuwa duka dogo la askari wa plastiki, wale ambao watu wazima huwapanga mezani wakapigana vita kwa dadu na futi ya kupimia. Muuzaji aliitwa Corin, kijana mnene mwenye ndevu zilizofika kifuani.

"Karibu, mzee. Unamtafutia mjukuu zawadi?"

"Nakimbia mvua tu."

"Basi kaa. Mvua ya huku haina haraka ya kwenda popote." Corin akamsogezea kiti, brashi nyembamba na askari mmoja wa kijivu, mrefu kama kidole gumba. "Huyu wa bure. Mvalishe nguo."

Alwyn alimvalisha. Alichovya brashi mpaka shingoni, akapaka koti jekundu, kisha kofia, kisha uso. Alipomaliza, vifungo vilikuwa vimezama, mdomo umezibika, na bunduki imegandamana na goti.

Corin alimgeuzageuza yule askari kwenye mwanga. "Mzee, umempaka rangi au umemzika?"

Alwyn alicheka, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kidogo. Ilikuwa imekaa muda mrefu bila kazi hiyo.

Alitoka na boksi la askari ishirini, chupa chache za rangi, na maelezo. Rangi izimuliwe kwa maji hadi iwe kama maziwa. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Tena kulikuwa na klabu, kila Jumanne jioni, ukumbi wa kanisa mtaa wa pili. "Sharti lao ni moja," Corin alisema. "Askari asiye na rangi hapandi mezani."

Jumanne ya wiki hiyo Alwyn alikwenda kujitambulisha. Mwenyekiti, Barnaby Swales, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kuning'inia, alimpa mkono bila kuondoa macho kwenye vita vilivyokuwa mbele yake. "Karibu sana, bwana. Paka kikosi chako, kisha uje tukuchape." Wenzake wakacheka, wakarudi kwenye dadu zao. Alwyn alisimama ukutani kidogo na koti lake mkononi, halafu akaenda zake. Hata hivyo aliishika ile kauli kama ahadi.

Majira yote ya baridi alipaka. Akitoka kazini alipasha moto maharage ya kopo, akayamwaga juu ya mkate, akala akiwa amesimama, kisha akakaa kwenye meza ya dirishani kuwahi mwanga, maana huko jua huzama kabla mtu hajamaliza chai ya alasiri. Chini alisikia mashine za kinyozi na watu wakitaniana kuhusu mpira. Aliharibu sana. Mara mbili alichovya brashi kwenye kikombe cha chai, na mara moja akanywa maji ya kuoshea brashi. Alijifunza kumwagia askari rangi nyeusi nyepesi kama maji, ikajipenyeza kwenye mikunjo ya nguo na kuacha vivuli. Kisha kwa brashi iliyofutwa karibu ikauke akagusa ncha za mabega, koti likaonekana kama limepigwa na jua. Mara ya kwanza alipofanikiwa hivyo, aligeuka kumwonyesha mtu. Nyuma yake palikuwa na kabati.

Macho ndiyo yaliyomtesa. Alizuia pumzi, akagusa nukta, na mkono ukateleza kila mara. Mmoja alitoka akiangalia dirisha kwa jicho moja na mlango kwa jingine. Alwyn alimfuta, akamrudia, akashindwa, akamwacha hivyo hivyo.

"Utakuwa mlinzi wewe," alimwambia. "Hakuna atakayekupita."

Ndipo alipogundua kwamba alikuwa akizungumza nao tangu alipotoka kazini.

Rosalind alipiga simu siku moja kuhusu hati za nyumba. Walipomaliza, kila mmoja alingoja mwenzake aage.

"Unafanya nini siku hizi, Alwyn?"

"Napaka rangi askari. Wadogo. Wa mchezo."

"Vizuri," alisema Rosalind, kwa upole zaidi kuliko Alwyn alivyotarajia. "Ni vizuri mtu kuwa na kitu." Nyuma yake mbwa alibweka mara moja, na Alwyn akakaa na simu sikioni hata baada ya kukatwa.

Kikosi kilikamilika mwishoni mwa Februari. Jumanne alinyoa, akavaa shati lililopigwa pasi, akawapanga askari kwenye boksi la viatu lenye sifongo, akatembea hadi ukumbini akilibeba kwa mikono miwili kama keki. Taa ilikuwa inawaka upande mmoja tu. Ndani palikuwa na mwanamke aliyekuwa akipiga deki, Bi Pargeter, mtunza ukumbi.

"Leo hawapo, baba. Wamekwenda Derby kwenye mashindano. Hawakukuambia? Si wameandikiana kwenye grupu wiki nzima."

"Mimi simo kwenye grupu."

Bi Pargeter alilitazama boksi, akalitazama shati. "Pita basi. Hiyo meza nimeshaifuta."

Hakujua afanye nini kingine, kwa hiyo aliwapanga. Mistari miwili, bendera katikati, uwanja mzima mbele yao na adui hayupo. Mwanamke akaja akiegemea fagio lake la deki.

"Umewafanya wewe? Wana nguo nzuri. Huyu mbona anaangalia pande mbili?"

"Mlinzi."

"Aa. Anafaa kufanya kazi hapa." Akapiga deki kidogo, kisha akasimama tena. "Wale hawana ubaya, nakwambia. Wana usahaulifu tu. Mimi nilikaa hapa miaka bila mmoja wao kuniuliza jina. Siku moja nikawazimia taa vita imepamba moto. Tangu hapo wote ni Bi Pargeter, Bi Pargeter."

"Mimi siwezi kuzima taa."

"Basi sema. Mdomo unao."

Jumanne iliyofuata ilimkuta amekaa kitandani na viatu mguuni, anatafuta sababu ya kutokwenda. Mafua hakuwa nayo. Mvua haikunyesha. Akaenda.

Barnaby alimwona mlangoni. "Ah, bwana wa kupaka rangi. Umemaliza?"

"Nilimaliza wiki iliyopita," Alwyn alisema. Masikio yalimwaka, lakini hakunyamaza. "Nilikuja hapa na kikosi changu. Hamkuwepo. Hakuna aliyeniambia."

Barnaby akavua miwani, akaiacha ining'inie. "Tumekosea," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea. Lete simu yako." Akamwingiza kwenye grupu palepale, vidole vikijikwaa, kisha akavuta kiti. "Na leo utacheza na mimi."

Wachezaji wa michezo hiyo husema kikosi kipya hufa kwanza, na kabla ya vipindi viwili kupita, kikosi cha Alwyn kilikuwa kimelala chote. Mtu wa meza ya jirani akamwambia, "Pole. Hiyo ndiyo zawadi ya kuzaliwa ya askari wapya." Barnaby alimwokota mshika bendera kabla ya kumrudisha kwenye boksi, akamsogeza karibu na uso. "Hili koti umelifanyaje?" Alwyn akamweleza habari ya brashi kavu, maneno yakimtoka mengi kuliko yaliyohitajika, na Barnaby akasikiliza hadi mwisho.

Walipofunga, wengine waliingia kwenye magari wawili wawili na watatu watatu, wakijadiliana. Hakuna aliyekuwa akienda upande wa Sneinton. Alwyn alitembea peke yake, akapanda ngazi, akawasha taa, akaweka birika jikoni. Simu ililia mara kadhaa mezani, jumbe za grupu zikiingia. Mmoja alikuwa ameacha skafu. Mwingine alibishana kuhusu kanuni fulani. Wa tatu akamtania wa pili. Alizisoma zote, pamoja na zile za wiki iliyopita ambazo mtu alizinukuu katika jibu lake, ingawa hakuna iliyomhusu.

Kisha akaandika, polepole: Nimefika salama.

Hakuna aliyekuwa ameuliza. Alikaa akiitazama simu mpaka birika likachemka. Jibu moja likaja, kutoka kwa namba asiyoifahamu: Vizuri.

Akainywa chai yake, akakiosha kikombe, akalala, kwa kuwa zamu yake ilianza alfajiri.