Nyongeza ya Afande

Nilipoolewa Kampala nilikuta kapu limeshapata mwenyewe. Lilikuwa kapu la ukindu, mishikio yake imezungushiwa kitambaa cha kombati kuukuu, nalo lilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Aliyelitungua ni mama mkwe wangu peke yake. Mimi ni Mkenya, nimezaliwa ng'ambo ile ya Busia, na nilikuja Uganda kufanya kazi ya keshia katika supamaketi. Niliona kwamba mtu anayeshinda kati ya rafu za chakula kutwa nzima ndiye hasa anayefaa kununulia nyumba chakula. Mama akaniuliza kama najua kuchagua nakati. Nikamjibu kwamba nakati ni mboga.

"Ni mboga, ndiyo," akasema, akachukua kapu lake akaenda zake.

Alikuwa mjane wa mwanajeshi, mtu wa kaskazini, na watoto wake aliwalea katika kambi moja baada ya nyingine. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi, cha kuamuru. Ndicho kilichokuwa lugha yetu mimi na yeye, kwa sababu Kiacholi sikijui na Kiingereza alikuwa hakipendi. Kila Jumamosi alitoka kwetu Mengo akaenda soko la Nakasero, akipita masoko mengine njiani bila hata kugeuza shingo. Niliona ni ukaidi tu wa uzee, mpaka siku nilipofuatana naye.

Pale Nakasero alikuwa na muuzaji wake, mwanamke wa Kiganda mwenye nyanya, vitunguu na bilinganya zile ndogo chungu za ntula. Mama hakubishana bei hata kidogo. Alilipa alichoambiwa, nami nikashangaa, maana nimezoea kuvutana na muuzaji hadi tukasirikiane. Vita yake ilianza baada ya kulipa. Alikaa juu ya gunia, akanyoosha miguu, akasema, "Haya. Nyongeza."

Nyongeza hata kwetu ipo, nyanya moja unayotupiwa juu ya zile ulizonunua, ukishukuru basi. Kwa mama mkwe wangu nyongeza haikuwa kitu cha kupewa. Uliichukua mwenyewe, na kazi ya muuzaji ilikuwa kupiga kelele. Mama akaokota nyanya mbili, mwanamke yule akashika kichwa. Mama akaokota kitunguu, mwanamke akawaita majirani waje kushuhudia.

"Afande, unanimaliza!"

Muuzaji alimpachika Mama jina la Afande kwa sababu ya Kiswahili chake, maana Waganda wengi wakikisikia Kiswahili wanafikiria jeshi. Katikati ya kelele hizo walipashana habari zote: nani mgonjwa, nani kajifungua, mvua imeharibu nini huko Masaka. Mimi nilisimama na kapu nikihama mguu mmoja hadi mwingine, nikiona tunapoteza wakati.

Siku hizo supamaketi ndizo zilizoonekana kuwa kesho ya kila mtu. Mwajiri wangu wa kwanza alitoka Kenya kama mimi, akaja na taa nyingi na sakafu ya kung'aa. Kisha bidhaa zikaanza kupungua, tukaambiwa tupange chupa za maji zitapakae rafu nzima ili duka lisionekane tupu, na asubuhi moja tukakuta mlango umefungwa kwa mnyororo. Mama aliponiona nimerudi mapema hakucheka. Aliniuliza tu, "Kwani duka nalo linakufa?" Akanipikia chai.

Nikapata kazi nyingine katika supamaketi ndogo isiyo mbali na nyumbani, na huko nimeona kazi yangu ikigeuka polepole chini ya mikono yangu. Zamani nilikaa kwenye mashine nikasalimiana na watu. Sasa sehemu kubwa ya siku nazunguka na toroli na simu, nikikusanya oda za watu nisiowaona, huku vijana wa boda wakisubiri nje na masanduku yao mgongoni. Kuna wateja ninaojua aina ya sabuni yao na maziwa ya mtoto wao, lakini tukikutana barabarani hatujuani. Tumeagizwa tuwachagulie nyanya ngumu zinazolingana, zisiwe na alama. Mimi huchagua hivyohivyo.

Goti la Mama lilipoanza kuvimba, daktari alimkataza mwendo mrefu. Mume wangu ni mtu wa huruma na haraka, na vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya mtu mmoja vinasumbua. Siku hiyohiyo aliweka programu ya duka kwenye simu yake. "Mama amefanya kazi vya kutosha," akasema. "Apumzike sasa, chakula kitamfuata." Kweli kikamfuata. Jumamosi moja oda iliingia kazini, nikasoma anwani, nikakuta ni ya nyumbani kwangu. Nikacheka peke yangu pale kwenye nyanya. Jioni Mama alichukua moja akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Hii nani alichagua?"

"Ni mimi, Mama."

"Ni ya kupika ama ya kutupia mbwa?"

Hilo lilikuwa neno lake la mwisho kuhusu chakula kwa muda mrefu. Aliacha kuingia jikoni. Alikaa kibarazani akitazama barabara, boda akifika anapokea mfuko, anausukuma ndani kwa fimbo. Jumamosi zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu aliamka, akavaa gauni lake la kutokea, kisha akakaa nalo hadi jioni. Mume wangu aliona mama amepumzika. Mimi niliona mtu anayeisha. Aliilisha nyumba ile maisha yake yote, katika vyumba vya kambi na katika miaka ya njaa, na sisi tulikuwa tumempokonya kazi hiyo huku tukijisifu kwa wema. Niliogopa kwamba akikaa kwenye kiti kile msimu mmoja zaidi hatainuka tena, goti liwe zima au bovu.

Nikapata wazo nililoliona zuri sana. Nitampeleka kwenye duka letu. Hakuna kilima, sakafu ni sawa, na toroli lenyewe angeliegemea badala ya fimbo. Siku yangu ya mapumziko nikamchukua, kapu lake mkononi. Kwanza mambo yalikuwa matamu. Alisukuma toroli kama aliyekabidhiwa gari, akagusa kila kitu, akauliza kwa nini matoke yanauzwa yamemenywa, ni nani siku hizi asiye na kisu. Msichana wa mboga akampimia nyanya na vitunguu, akafunga mifuko, akabandika karatasi za bei. Mama alilipa mwenyewe, kwa noti alizozikunja ndani ya leso.

Kisha akasema, "Ngoja," akageuza toroli akarudi ndani. Nikadhani amesahau chumvi.

Mlangoni kwetu askari hukagua risiti na mzigo. Aliyekuwa zamu ni kijana wa kaskazini, mpole. Akachungulia ndani ya kapu, akaona nyanya mbili na kitunguu vimelala wazi juu ya mifuko iliyofungwa.

"Mama, hizi hazina karatasi."

"Ni nyongeza."

"Nani alikupa?"

"Nyongeza nani hupewa? Nimelipa, nimechukua."

Uso wa kijana ulisinyaa. Akainama akaanza kumsihi taratibu kwa lugha yao, na naamini wangemaliza wenyewe, ila watu kwenye foleni walishageuka, mmoja kainua simu, na meneja akatokea. Meneja ni kijana aliyesoma, wala si mtu mbaya, lakini alisema neno. Alisema, "Mama, hapa kwetu huo ni wizi."

Hasira zangu haziko mbali, na siku hiyo hazikusafiri kabisa. Nikamwambia mbele ya wote kwamba huyu ni mama mkwe wangu, na neno hilo alirudishe kinywani mwake. Naye akaanza kunieleza habari za kamera na utaratibu wa kampuni. Mama hakumsubiri amalize. Alipindua kapu juu ya kaunta, mifuko na yote, kitunguu kikadunda hadi sakafuni.

"Kaeni na vitu vyenu," akasema. "Na pesa nilizolipa, hiyo ndiyo nyongeza yenu."

Akatoka na kapu tupu. Njia nzima hakuegemea mkono wangu. Nyumbani alilitundika kapu kwenye msumari, akasema tuagize kwa simu, yeye hatoki tena. Nilipewa onyo kazini kwa kumpandishia meneja sauti, nikalitia sahihi bila kulisoma. Kilichoniuma hakikuwa onyo. Mimi ndiye niliyempeleka mahali akaitwa mwizi kwa jambo alilolifanya kwa heshima umri wake wote.

Jumamosi iliyofuata nililitungua lile kapu bila ruhusa. Mama aliniona kutoka kibarazani, akageuza uso akatazama barabara. Nikaenda Nakasero. Yule mwanamke wa Kiganda alilitambua kapu kabla ya kunitambua mimi. Akasimama ghafla.

"Hii kapu ya Afande! Amekufa?"

"Hapana. Ni goti."

Akashusha pumzi, akaketi, akajifuta macho kwa pindo la nguo. Alisema alimuulizia kwa kila Mwacholi aliyepita sokoni. Nikanunua, nikalipa alichoniambia, kisha nikanyoosha mkono kwenye nyanya kama nilivyomwona Mama akifanya. Akanipiga kofi mkononi.

"Aa-a, nyabo. Hiyo ni ya Afande. Mwambie iko hapa, naiweka. Mimi sipatii mutu mwingine."

Akaokota nyanya mbili na kitunguu, akaviweka kwenye sahani ya plastiki chini ya meza yake. Niliporudi nilimweleza Mama neno kwa neno. Alikuwa anabangua maharage. Aliendelea kubangua.

Wiki iliyofuata nikaenda tena. Sahani ilikuwa imegeuka beseni. Nikauliza zile nyanya za kwanza zimehimili vipi joto lote hili.

"Zile ziliiva sana, nimekula," akasema bila haya. "Hizi ni zingine. Mwambie akichelewa, na hizi nakula."

Nikamfikishia Mama ujumbe huo, nikidhani angalau atatabasamu. Akaacha maharage aliyokuwa akibangua.

"Amekula?"

"Ndiyo, Mama."

"Amekula nyongeza yangu?"

Aliinuka. Sijui goti lilikuwa wapi wakati huo, lakini aliinuka bila fimbo, akaenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa jikoni. "Lete viatu. Ita gari." Nikaliita kwa simu, kwa programu kama ile ya mume wangu iliyotaka kumkalisha kitako, na gari likaja hadi mlangoni. Nikafungua mlango wa nyuma nipande naye. Akauvuta ukafungwa.

"Wewe baki."

Huo ndio mpango tulio nao hadi leo. Sabuni, mchele, sukari na mafuta vinaletwa na boda, tena pengine nimevipakia mimi mwenyewe, na sijasikia Mama akilalamika. Sabuni haina nyongeza. Nyanya na mboga anazifuata mwenyewe kwa gari, goti likimruhusu, na lisipomruhusu tunakula dagaa na maharage hadi limruhusu. Meneja wangu anasema miaka michache ijayo hakuna atakayekanyaga dukani kwa miguu yake. Huenda ni kweli. Namwacha aseme.

Lakini siku ile ya kwanza sikujua lolote kuhusu mpango. Nilikaa kwenye kiti chake kibarazani nikitazama barabara kama alivyokuwa akiitazama yeye, nikawaza amejikwaa, nikawaza wamegombana kweli. Jua lilikuwa bado juu gari liliporudi. Alishuka taratibu, kapu limemwelemea bega moja, sauti imekauka kwa kelele. Nikamuuliza amenunua nini.

"Sijanunua kitu. Nilienda kuchukua yangu."

Akapita hadi jikoni, ambako hakuwa amepika siku nyingi, akamwaga kapu kwenye ungo: nyanya laini nyekundu, vitunguu, ntula, na juu yake fungu kubwa la nakati. Akawasha sigiri mwenyewe. Kisha akaita jina langu, akasukuma kigoda cha pili kwa mguu wake mzima.

"Njoo," akasema. "Njoo nikuonyeshe nakati."