Herufi Zilizochelewa Njiani

Mtaani walimwita Mama Cherehani, na kushona hajui hata kifungo. Jina alilipata kwa vidole vyake. Miaka ishirini na miwili alipiga chapa kwenye masjala ya mahakama, na waliopita dirishani waliapa kuwa mle ndani kuna fundi nguo. Alipostaafu akafungua chumba cha mbele cha nyumba yake, akawa anaandikia watu barua na maombi ya kazi.

Binti yake alipomletea laptopu mpya, nyembamba kama sahani, bibi huyu alikaa, akavunja vidole, akaanza. Sentensi nzima ikaisha kioo bado cheupe. Kisha herufi zikaanza kujitokeza moja moja, kama watu wanaotoka msibani. Alijaribu kuandika polepole, lakini vidole vikagoma. Ni kama kumwambia mtu apige chafya taratibu.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ambaye walikaa naye nyumba moja na kubishana kila siku iendayo kwa Mungu, alimtuliza. Mashine ni mgeni, alisema, na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ikafika. Mgeni jembe hakuligusa.

Siku hiyohiyo akaja mwalimu mstaafu wa jirani, mkewe kanuna karudi kwao. Alitaka barua ya kuomba radhi, na iwe ya chapa, kwa kuwa mwandiko wake mke aliuchoka tangu uchumba. Mama Cherehani akaandika "nisamehe", asione kitu. Akaandika tena. Akarudia na mara ya tatu, na ya nne kwa hasira. Karatasi ilipotoka, mwalimu akasoma: nisamehe nisamehe nisamehe nisamehe mke wangu.

Mama Cherehani akanyoosha mkono aichane, uso umemshuka kwa aibu. Mwalimu akaishika barua kifuani.

"Iache hivyo," akasema. "Hujui nilichofanya."

Alipoondoka, Mama Cherehani hakungoja zaidi, akampigia simu fundi wa kompyuta. Fundi akamsikiliza, akauliza maswali mawili matatu, kisha akasema, "Mama, wifi ipo hapo?"

"Yupo, anamenya viazi."

Fundi akaendelea. "Naomba uizime kwanza."

"Nimzime vipi? Mtu wa miaka hamsini na nne huyu."

Wifi akaweka kisu chini, akataka kujua ni nani anayetaka kumzima na kwa kosa gani. Ilimchukua fundi dakika kadhaa kueleza, huku akikohoa kuficha kicheko, kwamba alimaanisha intaneti. Programu ya kuandikia ilikuwa imepangwa ihifadhi kazi mtandaoni wakati huohuo anapoandika. Intaneti ya nyumbani dhaifu, basi herufi zinakwama foleni.

Wifi, ambaye macho yake yalikuwa mazima zaidi, ndiye aliyekitafuta kitufe cha intaneti kwenye laptopu na kuizima. Mama Cherehani akaandika mstari. Herufi zikaruka kiooni papo hapo, kila moja na kidole chake. Akaandika mwingine, kisha ukurasa mzima wa maneno yasiyo na maana, kwa raha tu. Fundi akamwelekeza namna ya kupanga kazi zihifadhiwe ndani ya mashine yenyewe, na intaneti aiwashe anapoihitaji.

Kesho yake katibu wa chama cha wafuga nyuki alikuja kuandikiwa katiba. Alikuwa mtu wa kupima maneno, kila kifungu anakitafuna kabla ya kukitamka. Kufikia kifungu cha tano, Mama Cherehani alikuwa ameegemeza shavu mkononi.

"Mwanangu," akamwambia kwa upole, "sasa wewe ndiye unayechelewa."