Mama Aliponiambia Niache Dozi

Wapendwa wa usharika huu, mwaka jana nilikuwa mwalimu mpya wa sayansi hapa kijijini Kisiwani, nimetoka chuoni na moyo wa kuibadili dunia. Ukutani mwa darasa langu nilibandika maneno kwa herufi kubwa: DOZI HAIKATWI. Niliyaamini kama amri.

Nilipougua maambukizi ya njia ya mkojo, nilipewa vidonge vya salfa vya siku kumi. Siku ya saba homa ilipanda. Koo liliuma, macho yakawaka kana kwamba yametiwa pilipili. Kesho yake madoa ya rangi ya zambarau yalinitoka kifuani. Hayakuwasha, yaliuma.

Mama, mkulima aliyeteremka kutoka milimani kuja kuniuguza, aliniona nikitoa kidonge.

"Mwanangu, hizo dawa ndizo zinazokuunguza. Ziache."

"Mama, dozi haikatwi."

"Nani kasema?"

"Sayansi, mama. Wewe hukusoma."

Akanimiminia maji ya kumezea.

Siku ya tisa midomo ilipasuka, nikashindwa kumeza hata mate. Nilipoinuliwa, ngozi ya mgongo ilibaki kwenye shuka. Mama alinipeleka hospitali Same, vidonge vilivyobaki amevifunga kwenye pindo la khanga. Daktari alivitazama.

"Asimeze tena hata kimoja. Hii si surua, wala hajarogwa. Ni dawa."

Wiki nyingi nililala nikiwa kidonda kizima. Niliomba nife. Nalisema hili kanisani bila kuona haya.

Wanasema nimepona. Ngozi imerudi na mabaka. Macho hayavumilii jua, wala hayatoi machozi. Nilipomwomba mama msamaha, nililia makavu.

"Nyamaza, mwalimu," akasema. "Machozi ninayo mimi, yanatutosha."

Namshukuru Mungu, wauguzi, na mama huyu. Nanyi nawasihi: ukianza dawa mpya, kisha ukapata homa na vidonda mdomoni, macho mekundu, au ngozi inayouma na kutoa malengelenge, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na dawa zenyewe mkononi. Ukishapona, mtajie kila daktari jina la dawa iliyokudhuru.

Maneno ya ukutani sijayabandua. Kwa kuwa sioni vizuri, mwanafunzi ameniandikia mstari chini yake: ISIPOKUWA INAPOKUUNGUZA.

Mstari huo ni wa mama.