Kiota cha Saba

Saa moja na nusu asubuhi, Kakule Onésime amepiga magoti kwenye majani mabichi, anahesabu kwa kidole. Ukungu bado umeufunika mlima huu ulio juu ya Masereka, ukingoni mwa Hifadhi ya Virunga. Anafika sita. Anasimama, anarudia tangu mwanzo. Sita tena.

"Delphin, kuya uhesabu na weye," anamwita mlinzi wa hifadhi anayeongozana naye. "Macho yangu pengine imechoka."

Delphin anahesabu. Naye anapata sita.

Kila jioni gorila hukunja matawi na majani, hujitandikia kiota cha kulalia, na kunapokucha hukiacha moja kwa moja. Onésime, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, ni mfuata nyayo. Kazi yake ni kutafuta viota hivyo na kuvihesabu, maana gorila wenyewe hawapangi foleni. Familia ya mlima huu ina gorila saba tu. Ilipaswa iwe na viota saba.

Wa saba ni Mapenzi, jike la miaka minne. Miezi miwili iliyopita aliacha kulala na mama yake, akaanza kujijengea kiota chake. Kilikuwa kibovu, matawi manne yaliyorundikwa ovyo, na Delphin alikicheka kila siku. Leo hakuna anayecheka.

Jumanne bunduki zililia upande wa bondeni, na nani alipiga hakuna anayejua. Wafuata nyayo wakazuiwa kupanda kwa siku tatu. Leo ni Ijumaa, asubuhi ya kwanza kurudi.

"Siku tatu sikulala muzuri," anasema Onésime. "Hii banyama saba, moja ikikufa, shie hatuna ingine ya kuweka pale."

Wanazunguka mianzi kwa saa nzima wakitafuta kiota cha saba. Wanakuta nyayo, na maganda ya mianzi yaliyotafunwa. Kiota hawakioni. Onésime anashika redio na kuwaambia walio kambini namba ambayo hakuitaka: sita. Kisha anakaa juu ya gogo, kofia mkononi.

Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Analipwa dola tisini kwa mwezi, na ishirini zinaishia kwenye chumba kimoja cha kupanga katika mtaa wa Vulamba, mjini Butembo. Huko ndiko alikowapeleka mkewe, Kaswera, na watoto wao wanne walipoikimbia nyumba yao ya Masereka mwezi uliopita kwa sababu ya mapigano. Huwaona mara mbili kwa mwezi.

Delphin anapomuuliza watoto wanaendeleaje mjini, anajikaza kujibu.

"Bakubwa banazoea. Ni huyu mudogo, Hadassa. Ana miaka saba, alikuwa analala kwa kitanda yake, yeye peke, mutoto ya sifa kabisa. Mais tangu alisikia masasi ya bunduki, hapana. Kila siku anarudi kwa kitanda ya mama yake. Donc tukihesabu bitanda, kimoja kinabakia..."

Sentensi haimaliziki. Onésime ameshainuka, anakimbia kurudi kwenye viota.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huyu ni mzazi aliyekuwa amesahau kazi yake. Mfuata nyayo hahesabu viota tu. Hutazama pia kinyesi kilichoachwa ndani ya kila kiota, maana ukubwa wake humtambulisha aliyelala. Leo hofu ilimtuma kuhesabu haraka, akaruka hatua hiyo.

Kwenye kiota cha tatu, kile cha Mama Mapenzi, anayafunua majani taratibu. Kuna kinyesi kikubwa. Pembeni yake, kwenye kishimo kidogo kilichobonyezwa na mwili mdogo, kuna kingine kisichozidi kiazi. Anasogeza mkono. Bado ni kibichi.

"Balilala babili," anasema kwa sauti ndogo. Machozi yanamtoka, wala hayafichi. "Alirudi kwa mama yake. Woga tu. Ni woga tu, Delphin!"

Delphin anashika redio na kusahihisha: saba. Kambini wanauliza kama ana hakika, anawajibu kwa kicheko.

Onésime hacheki. Anakitazama kiota kile, kisha bonde bunduki zilikolilia. Anajua kuwa mtoto aliyerudi kitandani kwa mama yake bado anaogopa, na kwamba huenda ana sababu.

"Kaswera ananiulizaka kila siku kwa telefone, tutarudia Masereka wakati gani? Bakubwa ba serikali banasema kumetulia. Mi siamini mutu," anasema, akifunga kamba za buti kuzifuata nyayo. "Nitaamini Mapenzi. Ile siku nitakuta kile kiota yake kibovu, amelala yeye peke, nitapigia Kaswera: mama Hadassa, funga bitu, tunarudi kwetu."