Vitambaa vya Mama Kwenye Bilinganya

Mpaka leo nikimwona kaka yangu mkubwa ameshika jembe, damu inanichemka. Nitasema sababu, na sitampunguzia.

Mama analima bilinganya chungu, zile ndogo tunazoziita impwa, karibu na mto Naviundu. Msimu wa mvua, majani yakishapanuka, wanakuja ndege wadogo wa kahawia wenye mkia mrefu uliosimama. Hao hawajengi kama ndege wengine. Wanatoboa ukingo wa jani kwa mdomo, wanapitisha nyuzi za buibui, wanavuta jani na jani mpaka unakuwa mfuko, kisha wanatia nyasi laini ndani. Mimi ni fundi cherehani mtaa wa Kamalondo, na nakiri kwamba pindo safi namna ile wateja wangu wengi hawajalipata. Kutwa nzima ndege hao wanaokota viwavi kwenye mboga, kwa hiyo Mama hapulizi dawa yoyote. Kila shina lenye kiota analifunga kitambaa, mabaki ya kazi yangu, ili mtu asije akalivunja wakati wa kupalilia.

Mwaka huu Mama alivunjika mguu, nikamleta nyumbani kwangu, mtaa wa Katuba. Shambani viota vilikuwa vitano. Kila jioni, kabla hata ya kuuliza habari za impwa, aliuliza habari za viota: kipi kimeangua, kipi bado. Mguu ulimuuma vibaya, lakini swali hilo hakulikosa hata siku moja.

Nilikuwa nimebanwa na nguo za harusi, kaka akajitolea kupalilia. Kaka yangu amesoma. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu kuhusu magonjwa ya mihogo, na picha zake zote alinionyesha kwenye simu, moja baada ya nyingine, akinifundisha kulima mimi niliyeshika jembe tangu nina meno ya utoto. Nilimpeleka shambani, nikamwonyesha mistari, nikarudi kwenye cherehani.

Jumamosi nilipokwenda kuangalia, mashina matano yalikuwa yamelazwa sambamba juu ya rundo la magugu, vitambaa vyangu vikiwa bado vimefungwa. Kiota kimoja kilikuwa na mayai yaliyopasuka. Kingine kilikuwa na makinda matatu, wamekauka, midomo wazi. Ndege mmoja alikuwa akiruka huku na huku na kiwavi mdomoni, hana pa kumpeleka.

Kaka alikuwa amekaa kivulini anakunywa maji. Nikamwuliza kama aliwaona wale watoto wa ndege.

"Nilibaona, mudogo yangu," akasema. "Lakini kitambaa ilikuwa pale. Ku semina, muti yenye kufungwa kitambaa iko malade, iko na ugonjwa, banaingoa."

Aliwaona! Walikuwa hai, wanamfungulia midomo, na bado mkono wake uling'oa kwa sababu semina ilisema. Elimu gani hiyo inayomkataza mtu kuamini macho yake mwenyewe? Nilimwambia maneno ambayo mdogo hamwambii mkubwa wake. Yeye aliona tatizo ni jinsi ya kumwambia Mama tu, akapendekeza tuseme ni nyoka aliyeharibu viota. Ati nyoka, na mashina yamepangwa vizuri kama kuni. Nilimwambia kama ni mwanamume aje mwenyewe Katuba.

Alikuja. Jioni ile nilimweleza Mama yote, kaka akiwa amekaa hapo hapo, na sikuficha kitu. Nilikuwa nangoja Mama amshukie. Alijikanda goti, kisha akanigeukia mimi.

"Na weye, haukumuambia kitambaa ni ya nini?"

Kaka aliinamisha kichwa, hakusema neno. Angeweza kusema. Siku ile nilipomwonyesha shamba, alisimama mbele ya kitambaa cha kwanza akaniuliza ni cha nini, nami, kwa kuchoshwa na semina yake, nilimwambia apalilie aache maswali.