Kadi Iliyoganda Kwenye Nyuzi Sitini na Moja

Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, mawingu mazito bila tone la mvua, nilizuia feni ya kadi ya picha kwa bisibisi na joto lake halikupanda.

Skrini ilisoma nyuzi sitini na moja.

Nikasubiri dakika kumi. Sitini na moja.

Kazi yangu ni kupima joto la kadi hizo, zinazochora picha ndani ya kompyuta, kabla karakana yetu haijaziuza. Huipa kadi kazi nzito kwa saa nzima, ndipo nitie sahihi. Shule ya bweni niliyosoma ilitufundisha kuwa sahihi ya mtu si pambo.

Aliyezileta, shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa amekalia meza yangu utadhani kainunua.

"Mzee wa nidhamu, bado tu? Kadi imepoa hiyo kama maji ya mtungi. Saini tukale."

"Shuka mezani."

"Makubwa haya. Nimeshuka."

Nikagusisha kipimajoto changu mwenyewe mgongoni mwa kadi.

Tisini na nane.

Nikazima kompyuta. "Shemeji, programu hii ya kupimia nani aliniletea?"

Akajikuna kisogo.

Aliileta yeye, mwezi uliopita, pamoja na kadi kumi na mbili za kwanza. Ilikuwa imechezewa isivuke sitini na moja.

Nilimdharau. Mtu mzima, suti imenyooka, anauza moto huku anatabasamu.

"Usinikazie macho," akasema kwa sauti ya chini. "Baba alipokukataa, nani alikusemea mpaka ukampata dada yangu? Una deni kwangu. Lipa leo."

Hapo dharau ikanigeukia mimi. Zile kumi na mbili tuliziuzia chuo kimoja, wanafunzi wanazitumia, na zote zina sahihi yangu. Niliiamini skrini kwa sababu tu aliyeileta ni shemeji.

Nikampigia mkuu wa chuo. "Zimeni kompyuta zote tulizowauzia. Kosa ni langu."

Ninyi mnaotia sahihi, nisikilizeni: anayepokea kipimo kutoka kwa anayepimwa hajapima chochote, amekula umeme bure.

Shemeji akanisogezea fomu ya kutia sahihi mara ya mwisho. "Na deni langu?"

"Hilo silipi," nikamwambia, nikamkabidhi kadi yake ikiwa bado ya moto.